Somo: Kudai pesa ya chuo ukiacha masomo katikati ya mwaka

Kila mwaka, transhi (sehemu ya ada) ya pili ikikaribia, hapa sekretaria yetu ya njia ya Kasapa, Lubumbashi, wanaanza kuingia vijana wenye shida moja. Huyu amepata kazi mgodini Kolwezi, yule baba yake amekwama, mwingine ameona fakulte aliyochagua si yake. Wote wanataka tuwaandikie barua ya kudai minervali (ada ya masomo). Barua tunaandika, ila wengi wanafika wamechelewa. Tarehe inayohesabiwa si ile uliyoacha kuingia oditwari (ukumbi wa masomo), ni ile karatasi yako ilipopigwa kashe (muhuri).

Hatua ya kwanza: tenganisha pesa yako

Usiende kudai "pesa yangu yote". Pesa ya inskripsyo (kujiandikisha), ya dosye (faili lako) na ya kadi ya mwanafunzi isahau, kazi yake imeshafanyika. Kinachodaiwa ni minervali, hasa transhi uliyolipa kabla ya wakati wake. Ukiwa ulikuwa unakaa homu (hosteli), angalia kama uliweka garanti (dhamana ya chumba). Watu wanapigania minervali miezi na miezi, wanaisahau garanti ambayo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kurudi, kwa sababu iliwekwa ili irudishwe.

Kuna kitu kimoja wanafunzi wanachanganya. Kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) mwaka una kredi 60 (vipimo vya uzito wa kozi), na hapa kwetu ada inalipwa kwa mwaka, si kwa kozi moja moja. Kwa hiyo ukiacha kozi mbili huku unaendelea na nyingine, hakuna cha kurudishiwa. Kozi zile zitakufuata mwaka ujao kama deni.

Hatua ya pili: soma ulichosaini

Fomu ya inskripsyo mara nyingi ina mstari mdogo chini unaosema kama pesa ikishalipwa inarudi au hairudi. Soma pia tangazo la ada lililobandikwa kwenye valvu (ubao wa matangazo), na maagizo ambayo wizara ya elimu ya juu inatoa kila mwaka wa masomo. Ukikuta imeandikwa "hairudi", usikate tamaa haraka, ila badilisha ombi: badala ya kuomba pesa mkononi, omba ihesabiwe mwaka ujao au kwenye fakulte nyingine ya chuo hicho hicho. Kwa maoni yangu hili ndilo ombi la kuanza nalo hata pale ambapo karatasi haisemi kitu. Kumtoa mhasibu dola ambazo zimeshaingia kwenye bajeti ni kazi ngumu kuliko kumwomba asogeze mstari mmoja kwenye daftari.

Hatua ya tatu: barua, na nakala yake

Hapa ndipo pa kutulia. Barua inaandikwa Kifaransa, inamwendea mkuu wa chuo, na nakala kwa administrateri wa bajeti na kwa apariteri (afisa wa kuandikisha wanafunzi). Ndani yake weka: majina yote matatu kama yalivyo kwenye kadi, promosyo (darasa la mwaka wako), namba ya matrikuli (ya uanafunzi), tarehe unayoacha, sababu kwa sentensi moja (si hadithi ya ukoo mzima), kiasi ulicholipa na tarehe ya kila malipo, halafu ombi lenyewe. Kama sababu ni ugonjwa, ambatisha karatasi ya daktari. Kama ni msiba au uhamisho wa mzazi, ambatisha ushahidi wake.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili unarudi nayo ikiwa na kashe, tarehe na saini ya aliyepokea. Angalia tarehe kabla hujatoka mlangoni. Tumeona kashe ambazo wino umekauka, namba ya siku haisomeki, imebaki mwezi tu. Omba kwa upole waandike tarehe kwa kalamu pembeni ya kashe. Bila nakala hiyo, mwezi ujao utaambiwa barua haijawahi kufika, na utakuwa huna la kuonyesha.

Hatua ya nne: ushahidi wa malipo

Bordero (risiti) za benki zinazotoka kwenye mashine ndogo hufifia. Ukiiweka kwenye mfuko wa suruali na jua letu la Septemba, baada ya muda unabaki na kikaratasi cheupe. Piga fotokopi siku ile ile. Uliyelipa kwa simu, usifute ujumbe wenye namba ya muamala, upige picha. Na kama bordero ina jina la mjomba aliyekwenda kulipa, aandike karatasi fupi kwamba alilipa kwa niaba yako.

Baada ya hapo ni kufuatilia. Omba namba ya dosye. Akitokea mtu wa koridoni anayetaka madesu (rushwa) ili barua "itembee", mwache. Wanaosaini ni wengine.

Maswali ya wanachama

Swali: Yaya, miye nililipaka transhi mbili, nikaacha masomo mu mwezi wa pili, lakini sikuandika barua. Sasa banasema niko na deni ya transhi ya tatu. Ni vile kweli?

Jibu: Mdogo wangu, kwenye daftari lao wewe bado ni mwanafunzi, ndiyo maana deni linaendelea kukua. Peleka barua leo, si kesho. Transhi mbili usizitegemee sana, pigania kwanza ile ya tatu isihesabiwe. Tafuta kitu chenye tarehe kinachoonyesha uliacha lini: mkataba wa kazi, au orodha ya enrolema (kujiandikisha) ya mitihani ambayo jina lako halimo.

Swali: Nimetoka Goma. Nililipia benki kabla ya vita, na benki zikafungwa kule mwisho wa Januari 2025. Sasa niko Lubumbashi, chuo kipya kinataka nilipe upya. Hawawezi kuhesabu nilicholipa?

Jibu: Pole sana, ndugu. Benki ilikuwa mlango tu, pesa iliingia kwa chuo chako cha Goma, na chuo cha huku hakilazimiki kuihesabu. Kredi ulizopata ndizo zinazoweza kuhama. Kiandikie chuo chako, hata kwa imeli, kikupe releve ya pointi (karatasi ya alama zako) na karatasi ya kuthibitisha malipo. Releve ni ya hapa. Ile ya pili ni ya kudai kwao baadaye. Huku omba kulipa kidogo kidogo, na uombe kwa maandishi.

Swali: Mdogo wangu yuko Ufaransa, chuo cha serikali. Ameamua kutoanza.

Jibu: Akijiondoa kabla mwaka wa masomo haujaanza, anarudishiwa ada wakikata yuro 23. Ukishaanza, chuo kinaamua chenyewe.

Swali: Papa, mwanangu tulipokelewa naye Marekani kama wakimbizi. Anasoma kwa msaada wa serikali na anataka kuacha. Anasema atarudishiwa pesa.

Jibu: Mama, mwambie asubiri kidogo. Kule wanalipa kwa kredi, na kuna njia mbili za kuacha. Akifuta kozi ndani ya siku za mwanzo zilizowekwa na chuo, ada inafutika. Akijiondoa baadaye, kwenye releve inabaki herufi W (amejiondoa) na ada hupungua kwa kalenda ya chuo, au haipungui kabisa.

Msaada wa serikali una hesabu yake. Tuseme muhula una siku 105, akaacha siku ya 42. Hiyo ni asilimia 40, kwa hiyo kati ya dola 4,000 za msaada amestahili 1,600. Zile 2,400 hazikuwa zake, na chuo kikirudisha sehemu yake serikalini kinaweza kumgeukia yeye kwa ada iliyobaki wazi. Akivuka asilimia 60 ya muhula, msaada wote unahesabiwa ameustahili. Kwa hiyo kabla hajasaini, aende ofisi ya misaada ya kifedha aulize: "Nikiacha leo nitadaiwa kiasi gani, na nikiacha baada ya wiki tatu?" Wamwandikie majibu yote mawili.

Swali: Na wangu yuko huko huko kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi)?

Jibu: Huyo asifute hata kozi moja kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Akishuka chini ya kredi 12 bila ruhusa yao, anapoteza hadhi yake ya mwanafunzi wa F-1. Akiruhusiwa kujiondoa ana siku 15 za kuondoka nchini. Bila ruhusa, hana hata moja.