Kufunga inveta nyumbani na kuiunganisha na ardhi kwa usalama

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia jirani aliyenunua inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) ya wati 1000 na betri ya volti 12 huko Luthuli Avenue, Nairobi. Kazi yoyote inayogusa nyaya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya), lakini mwenye nyumba akijua kinachotakiwa, hatakubali kazi ya kulipua.

Hatua ya 1: Zima inveta, vua pete na saa, kisha tenga betri.

Hatua ya 2: Upande wa betri. Wati 1000 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampia 83, na ukiongeza umeme unaopotea ndani ya inveta utakaribia ampia 100. Nyaya nyembamba zinazouzwa pamoja na inveta za bei nafuu hazifai mzigo huo. Mimi hutumia shaba ya milimita mraba 35, isiyozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampia 125 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine yake, si kwa koleo wala nyundo.

Hatua ya 3: Unganisha bodi ya inveta (kasha lake la nje la chuma) na ardhi ya nyumba, yaani waya na nondo iliyochimbiwa ili kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa waya wa kijani na manjano. Anayeishi ghorofani aombe kuunganishwa na ardhi ya jengo. Bomba la maji si mbadala, kwani mengi siku hizi ni ya plastiki. Ukichimbia nondo mpya ya shaba, iunganishe na ile ya zamani. Udongo mweusi wa Embakasi hupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo nondo ishuke hadi kwenye unyevu.

Hatua ya 4: Nyutro (waya wa kurudishia umeme kwenye chanzo) na ardhi. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. RCD (swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja) ya miliampia 30 hukata pale umeme unaovuja unapopata njia ya kurudi kwenye chanzo chake kupitia ardhini. Ikiwa nyutro ya inveta haijaunganishwa na ardhi, njia hiyo haipo, na RCD haitashtuka waya ukigusa bodi ya friji. Hata hivyo, usikimbilie kuziunganisha. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za AC, upime kati ya kila tundu la soketi ya inveta na ardhi. Ukipata takriban 0 upande mmoja na 240 upande wa pili, yaelekea zimekwisha kuunganishwa ndani, na hupaswi kuongeza kiungo kingine. Ukipata takriban 120 pande zote mbili, multimita haiwezi kukuambia kama nyutro inaelea tu au kama pande zote mbili zina umeme kwa muundo wake, na katika hali hiyo ya pili kiungo chako kinaweza kuiunguza inveta papo hapo. Kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kuamua. Inveta isiyo na kitabu singeifunga kwenye nyumba hata kwa bei ya bure. Ikiwa inveta pia inapokea umeme wa Kenya Power, kiungo cha nyutro na ardhi lazima kijiachie chenyewe umeme huo unaporudi, la sivyo mkondo wa nyutro utapita kwenye waya wa ardhi na RCD itajikata kila mara. Tena, kitufe cha majaribio cha RCD hakithibitishi lolote kuhusu jambo hili, kwa sababu hufanya kazi hata ardhi ikiwa haipo. Fundi atumie kipimo kinachovujisha mkondo kwenda ardhini.

Hatua ya 5: Tumia swichi ya kubadilishia inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja, ili inveta na umeme wa barabarani visikutane. Waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, hupeleka umeme hadi kwenye nyaya za barabarani, na unaweza kumuua fundi aliye juu ya mlingoti.

Hatua ya 6: Washa kwa mzigo mdogo, kisha uongeze. Baada ya wiki moja zima tena, utenge betri na ukaze nati zake.