Somo: Kuunganisha matawi na seva ya makao makuu (soma kabla ya kunipigia)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne tawi la Kasulu au Kibondo litaionaje seva iliyoko Kigoma mjini. Wa tano namtumia hii.

1. Kigoma, omba kampuni ya intaneti IP ya umma isiyobadilika (anwani inayofikika toka popote kwenye intaneti). Ruta ikionyesha anwani kati ya 100.64 na 100.127, hiyo si ya umma, usidanganyike. Tawini laini ya simu inatosha.

2. Gawa anwani kabla hujagusa ruta. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliacha Kigoma na Kasulu zote kwenye 192.168.1.0 kama zilivyotoka dukani. Nikiwa Kasulu nikaipiga ping seva (kuigongea nione kama ipo), 192.168.1.10, ikajibu kwa milisekunde 1. Nikashangilia, nikapanda basi kurudi. Milisekunde 1 kwa laini ya simu! Aliyejibu ni printa iliyokuwa mezani kwa keshia, nayo ilikuwa na namba hiyohiyo. Kompyuta ikiona anwani ni ya mtandao wake, haiulizi ruta, inatafuta humohumo ndani. Kwa hiyo: Kigoma 10.20.1.0/24, Kasulu 10.20.2.0/24, Kibondo 10.20.3.0/24 (/24 maana yake namba tatu za mwanzo ni za mtandao, ya mwisho ni ya mashine). Andika kwenye karatasi, bandika ukutani. Kubadilisha baadaye ni kupita kila mashine na kila printa, tena usiku.

3. Weka WireGuard kwenye ruta zote; ni programu inayochimba handaki, yaani njia ya siri kati ya ofisi kupitia intaneti. Kigoma isikilize kwenye poti (mlango) ya UDP 51820, matawi ndiyo yapige.

4. Tawini weka PersistentKeepalive 25 (tawi litume ishara ndogo kila sekunde 25), la sivyo laini ikikaa kimya njia inajifunga na Kigoma haiwezi kuifungua.

5. Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine, na uulize kama hazitumii mnara mmoja.

6. UPS ya ruta (betri ya umeme ukikatika). Basi.

MASWALI

— Mkuu nimefuata yote haifanyi kazi, nisaidie haraka.
Haifanyi nini? Leta anwani za pande zote mbili.
— Zote 192.168.1.0.
Hatua ya 2. Umeiruka.

— Kwani si nifungue poti 3389 tu, ile ya Remote Desktop, watu waingie kwenye seva moja kwa moja? Mbona unatuzungusha?
Fungua. Kesho angalia orodha ya waliojaribu nywila usiku kucha, halafu urudi tuzungumze kuzungushwa.

— Kaka, handaki limesimama, ping inajibu, lakini ripoti kubwa zinaganda katikati. Kwa nini ndogo zipite?
Dada, hilo ndilo swali. WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya kila pakiti, na laini za simu nyingine hazibebi pakiti ya baiti 1500 kamili. Pakiti ndogo hupenya, kubwa hufia njiani kimya. Kwenye Windows piga ping -f -l 1392 kwenda seva. Ikikataa, shusha kumi kumi hadi ipite, kisha jumlisha 28: hiyo ndiyo MTU ya handaki, pakiti kubwa kuliko zote inayopita. Weka pande zote mbili, na kwenye ruta washa kubana MSS (MSS clamping), ili kompyuta zenyewe zitume vipande vinavyoenea. Ukikwama niletee namba uliyopata.

— Nyongeza toka Uvinza: masika radi ilituulia swichi mbili kupitia waya wa mtandao uliotoka ofisini kwenda ghalani.
Kati ya majengo vuta faiba, tena isiyo na waya wa chuma ndani. Kioo hakipitishi umeme. Wangu wa ghalani bado ni wa shaba, Jumamosi naung'oa.