Jinsi ya Kuchunguza Kwa Nini Kiongozi Hujitosa katika Vita vya Mshirika Wake: Mfano wa Blair na Iraq

Kiongozi anapopeleka wanajeshi wake katika vita vya mshirika mwenye nguvu kuliko yeye, huku wananchi wake wengi wakivipinga, majibu mepesi hupatikana siku hiyohiyo: ni kibaraka, ni mafuta, ni kiburi. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa historia zilizoanza na hukumu ya namna hiyo kisha zikaenda kuitafutia ushahidi, na mara nyingi ushahidi ulioachwa nje ndio uliokuwa na maana zaidi. Nitaeleza hapa namna ya kwenda kinyume chake, nikimtumia Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyeungana na Rais George W. Bush wa Marekani kuivamia Iraq mwezi Machi 2003. Nimemchagua kwa sababu nyaraka nyingi za ndani za uamuzi wake ziliwekwa wazi tarehe 6 Julai 2016, Tume ya Chilcot, iliyoundwa Uingereza kuchunguza vita hivyo chini ya uenyekiti wa John Chilcot, ilipotoa ripoti yake yenye juzuu 12.

Anza kwa kutafuta siku ya uamuzi kabla hujatafuta sababu. Chukua karatasi pana, chora safu tatu, na juu yake andika: tarehe, alichosema hadharani, alichosema faraghani. Safu hizi zina kazi moja kubwa: sababu iliyotolewa baada ya uamuzi haiwezi kuwa ndiyo iliyouzaa, hata kama ni ya kweli na hata kama mwenyewe anaiamini.

Katika mfano wetu, safu ya tatu ina karatasi moja inayostahili kusomwa polepole. Tarehe 28 Julai 2002 Blair alimwandikia Bush waraka wa siri unaoanza kwa sentensi ambayo kwa Kiswahili ni sawa na kusema, "Nitakuwa pamoja nawe, kwa vyovyote vile." Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Sentensi inayofuata inasema kwamba sasa ni wakati wa kupima ugumu wa jambo bila kufichana, na kurasa zilizobaki zinaeleza ugumu huo: haja ya kupitia Umoja wa Mataifa, haja ya kusukuma mbele amani kati ya Israeli na Wapalestina, na haja ya kuyageuza maoni ya wananchi. Ukisoma mwanzo peke yake utaona ahadi isiyo na sharti, na ukisoma yaliyofuata peke yake utaona mtu anayejaribu kumzuia mwenzake asiende haraka. Yote mawili yaliandikwa na mtu mmoja siku moja, na uchunguzi wako lazima uyabebe yote. Jiulize pia ni nani hakuuona waraka huo kabla haujatumwa. Blair hakuujadili na mawaziri wenzake, na hilo peke yake linaonyesha jinsi uamuzi wa nchi nzima ulivyobanwa ndani ya chumba cha watu wachache.

Sasa rudi safu ya pili. Tarehe 24 Septemba 2002, karibu miezi miwili baadaye, serikali yake ilichapisha waraka wa taarifa za kijasusi uliodai kwamba baadhi ya silaha za maangamizi za Iraq zingeweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Tarehe zenyewe zinakuonyesha kwamba waraka huo ulikuwa chombo cha kuushawishi umma juu ya njia ambayo kiongozi alikuwa ameshaielekea. Hapa hata hivyo nakuomba uwe mwangalifu, kwa maana mwanafunzi mwenye hasira huruka moja kwa moja hadi kwenye neno "uongo". Tume ya Chilcot haikukuta ushahidi kwamba ofisi ya Waziri Mkuu ilipenyeza humo taarifa za kijasusi isivyostahili. Ilichokuta ni kwamba hukumu juu ya silaha hizo zilitolewa kwa uhakika usiolingana na ushahidi uliokuwapo. Mtu anayesema asichokiamini na mtu anayekiamini kupita kiasi hawachunguzwi kwa namna moja. Silaha zenyewe hazikupatikana.

Ukishapata tarehe, rudi nyuma hadi siku ambazo mshirika wa sasa hajaingia madarakani, kwa sababu huko ndiko utakakoweza kutenganisha imani ya kiongozi mwenyewe na shinikizo la rafiki yake. Mwezi Aprili 1999, vita vya Kosovo vikiendelea, Blair alihutubia mjini Chicago akitetea wazo kwamba mataifa yana haki ya kuingilia kijeshi pale mtawala anapowaangamiza watu wake. Desemba 1998 alikuwa ameshaishambulia Iraq kwa ndege akiwa bega kwa bega na Rais Bill Clinton, na mwaka 2000 alipeleka wanajeshi Sierra Leone. Yote hayo yalitokea kabla Bush hajaapishwa. Kwa maoni yangu, anayemwita Blair kibaraka bila kuipima miaka hiyo hajafanya uchunguzi, kwani operesheni za Kosovo na Sierra Leone zilimpa mtu huyu mazoea ya kuamini kwamba nguvu za kijeshi, zikitumiwa kwa nia anayoiona njema, huleta matokeo mema.

Kisha pima uzito wa urafiki wenyewe. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Blair alitangaza siku hiyohiyo kwamba Uingereza itasimama pamoja na Marekani, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa hesabu hiyo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chini ya hisia hizo kuna mambo magumu zaidi, yaani ushirikiano wa kijasusi, makombora ya nyuklia ambayo Uingereza huyapata kutoka Marekani, na jeraha la Suez la mwaka 1956, Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri, Marekani ikazipinga, zikalazimika kurudi nyuma. Viongozi wengi wa Uingereza waliokuja baadaye walitoka na funzo kwamba kutengana na Washington ni hatari.

Lakini usikubali sababu hiyo kabla hujaitia kwenye mizani ya waliokataa. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Harold Wilson, aliyekuwa wa chama kilekile cha Labour na ofisi ileile, alikataa kupeleka majeshi Vietnam katika miaka ya 1960 ingawa Rais Lyndon Johnson alimtaka, na ushirikiano haukuvunjika. Jean Chrétien wa Kanada alitangaza tarehe 17 Machi 2003 kwamba nchi yake haitajiunga. Bunge la Uturuki, tarehe 1 Machi, lilipiga kura 264 za ndiyo dhidi ya 250 za hapana, na kwa kuwa waliojizuia waliinyima hoja wingi uliotakiwa, majeshi ya Marekani hayakuruhusiwa kuingia Iraq kupitia huko. Kama washirika wa karibu waliweza kukataa, basi ushirikiano unaeleza kishawishi tu, haukamilishi maelezo ya uamuzi.

Kuna swali linalofuata moja kwa moja: je, mlango wa kutokea ulikuwapo? Kwa Blair ulikuwapo, na aliyeufungua ni Bush mwenyewe. Mwanzoni mwa Machi 2003, alipoona serikali ya rafiki yake inaweza kuanguka, alimwambia kwamba Uingereza ingeweza kukaa kando ya mapigano ya awali. Blair alikataa. Mtu anayelazimishwa hufurahia mlango kama huo, kwa hiyo hapa nadharia ya kulazimishwa inadhoofika sana. Kilichobaki mkononi ni imani yake kwamba vita vilikuwa sahihi, pamoja na hesabu kwamba aliye ndani ya chumba ndiye anayesikilizwa.

Hesabu hiyo nayo ipime kwa kuorodhesha alichokipata. Bush alikwenda Umoja wa Mataifa, na azimio namba 1441, lililoipa Iraq nafasi ya mwisho ya kutimiza wajibu wake wa kusalimisha silaha, likapitishwa kwa kauli moja tarehe 8 Novemba 2002. Hilo ni pato la kweli. Azimio la pili, la kuruhusu vita waziwazi, halikupatikana, wakaguzi wa silaha hawakuongezewa muda, na mipango ya baada ya uvamizi ilikuwa dhaifu. Chilcot alihitimisha kwamba Blair aliukadiria kupita kiasi uwezo wake wa kuyageuza maamuzi ya Marekani, na kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizwa.

Usimsome kiongozi peke yake. Wasome waliompa nafasi. Tarehe 7 Machi Mwanasheria Mkuu wa Serikali alimwandikia ushauri mrefu uliosema kwamba njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio la pili, ingawa hoja ya kwenda vitani bila azimio hilo ingeweza kujengwa. Tarehe 17 Machi Bunge likapewa jibu fupi lisilo na mashaka hayo, na siku iliyofuata wabunge wakaidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149, chama kikuu cha upinzani kikiwa upande wa serikali. Robin Cook alikuwa amejiuzulu uwaziri kabla ya kura hiyo.

Katika safu ya kwanza usiache nafasi tupu baada ya uamuzi. Andika wanajeshi 179 wa Uingereza waliokufa, na Wairaki wasiopungua 150,000 waliouawa hadi Julai 2009, wengi wao raia, kwa hesabu ya ripoti hiyohiyo. Maneno ya Blair ya mwaka 2016, aliposema kwamba anasikitika na bado angefanya uamuzi uleule, yaingize kwa tarehe yake ya 2016, wala usiyapeleke 2002.

Ukimaliza, jaribu njia hii karibu na nyumbani. Uganda, Rwanda, Ethiopia na Eritrea zilikuwa katika orodha ya nchi zilizotangazwa na Marekani kuwa zinaunga mkono vita hivyo. Chora safu zilezile, anza na magazeti ya Kampala na Kigali ya Machi 2003, na swali la kwanza liwe ni tarehe ngapi kila serikali ilikubali jina lake liandikwe.