Breki laini kwenye pikapu ya zamani: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua masta silinda

Pedeli ikianza kuzama, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia ubadili masta silinda, yaani pampu inayosukuma fluidi ya breki ukikanyaga pedeli. Mara nyingine atakuwa amepatia. Ila kabla hujatoa hela, lipaki gari, zima injini, na uusikilize mguu wako. Wakati huo safari isubiri: pikapu yenye pedeli laini haishuki mteremko mkali wa Kitonga, hata ikiwa tupu.

Pampu mara tano au sita mpaka nguvu iliyobaki kwenye busta (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga) iishe, kisha kanyaga na ushikilie kwa dakika nzima. Pedeli ikibonyea kama sponji, kuna hewa kwenye paipu. Mkanyago wa kwanza ukienda chini na wa pili ukapanda juu na kuwa mgumu, anzia nyuma: shuu (vipande vinavyobana breki ya nyuma) zimekaa mbali na dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu), na fluidi nyingi inaishia kuzisogeza tu kabla hazijagusa. Ikizama polepole hadi sakafuni na hakuna panapovuja, hapo sasa raba za masta silinda zimechoka, fluidi inapita pembeni yake na kurudi. Ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Pedeli itashuka kidogo, na wengi hudhani huo ndio ugonjwa, kumbe ni dalili kwamba busta ni nzima. Busta mbovu hukaza pedeli. Hata mwinuko wa Mbeya, kama mita 1,700, hupunguza tu msaada wa busta. Hauwezi kulainisha breki, kwa hiyo usiusingizie.

Kabla ya kutoa hewa, tafuta ilikoingilia. Fluidi ikiwa imepungua kwenye kikopo, huenda ni pedi za mbele zimelika, huenda kuna uvujaji. Vua dramu, ubinue kofia ya mpira ya wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu) kwa bisibisi. Ukikuta maji maji ndani, hiyo imekwisha, na shuu zilizolowa fluidi usizirudishe. Kisha mwenzako akanyage wakati wewe umeshika paipu ya mpira ya gurudumu la mbele. Ikivimba kwenye kiganja, nguvu ya pedeli inaishia hapo.

Shuu zirekebishwe kabla ya kutoa hewa. Zungusha kigurudumu cha meno cha kurekebishia shuu mpaka dramu ianze kukwaruza, urudishe nyuma kidogo hadi izunguke kwa uhuru. Pikapu nyingi zinazoitwa mbovu hupona hapo hapo.

Fluidi nunua lita moja, DOT 3 au DOT 4 kadiri kifuniko cha kikopo kinavyosema, chupa iwe haijafunguliwa. Ile iliyobaki rafuni tangu mwaka jana imeshanyonya unyevu, na huku Tukuyu na Rungwe mvua haibembelezwi. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishabeba maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ndiyo maana gari lenye mzigo wa viazi, likishushwa mlima kwa breki badala ya gia, hupoteza pedeli katikati ya mteremko, na likipoa dereva anasema limepona. Halijapona. Fluidi yote ibadilishwe. Oili ya injini au ya stelingi usijaribu kuweka hata tone, maana huvimbisha raba za mfumo mzima.

Andaa pia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, spana ya ringi inayokaa sawasawa kwenye nipo (skrubu ya kutolea hewa kwenye breki), na kipande cha mbao cha kuweka chini ya pedeli. Mbao hiyo si urembo: kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ambayo raba haifikagi huwa na kutu, na pedeli ikigandamizwa hadi sakafuni raba zinachanika. Unaanza na tatizo moja, unamaliza na mawili.

Pikapu nyingi zina vali ya mzigo nyuma, yenye mkono ulioungwa kwenye difu. Stendi ziweke chini ya ekseli, si chini ya chesisi; ekseli ikining'inia, vali huona gari halina mzigo na kubana fluidi ya nyuma. Kwa usukani wa kulia, anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia, kisha nipo ya vali kama ipo. Nipo ifungwe kabla mguu haujaachia, na kikopo kisikauke, la sivyo unaanza upya. Fluidi ikidondokea rangi, mwagia maji mara moja.

Ukishatoa hewa mara tatu na sponji bado ipo, tazama nipo za kalipa (vishikio vinavyobana pedi) za mbele. Zikiwa zimeelekea chini, kuna aliyefunga ya kushoto kulia, na hewa iliyo juu haitatoka kamwe.