Jackson, Gson au Moshi: zipime kwa muamala mmoja kabla hujachagua

Vijana ninaofanya nao kazi huanza kwa kuuliza kati ya Jackson, Gson na Moshi, maktaba za Java za kusoma na kuandika JSON (maandishi ya jozi za jina na thamani ambayo mifumo hutumiana), ni ipi yenye kasi kuliko zote. Kwa mifumo ya SACCOS tunayoandika sisi, nawaambia kasi waiweke pembeni kwanza. Muda mwingi unaliwa na hifadhidata na mtandao. Ninachotaka kujua mimi ni kimoja: hela ya mwanachama ikiingia kwenye maktaba hii, inatoka ilivyo?

Jibu utalipata mwenyewe kwa jioni moja. Andaa muamala wenye kila kitu kinachosumbua:

{"risiti": 9007199254740993, "mwanachama": "0047", "kiasi": 12000000, "tarehe": "2025-03-14", "maelezo": null, "tawi": "Kariakoo"}

Kisha andika rekodi (klasi fupi ya Java ya kubeba data) ya kuupokea, ukiacha "tawi" kwa makusudi:

record Muamala(long risiti, String mwanachama, BigDecimal kiasi, LocalDate tarehe, String maelezo) {}

BigDecimal ni namba ya desimali isiyopoteza tarakimu, LocalDate ni tarehe. Rekodi zinahitaji Jackson 2.12 au Gson 2.10 kwenda juu.

Anza na Jackson 2, ambayo kazi yake hufanywa na klasi ya ObjectMapper: new ObjectMapper().readValue(json, Muamala.class). Itagoma kwenye tarehe, kwa kuwa LocalDate haimo ndani yake hadi uongeze jackson-datatype-jsr310 na kusajili JavaTimeModule. Ukishaiongeza, itagoma tena kwa UnrecognizedPropertyException, sababu haijui "tawi" ni nini. Wengi hukasirika hapa. Mimi napenda ukali huo wakati wa majaribio, ila kwenye mfumo unaopokea taarifa kutoka kwa watu wengine nauzima kwa kuweka FAIL_ON_UNKNOWN_PROPERTIES kuwa false, maana wao wataongeza sehemu mpya bila kukuuliza. Sasa andika muamala uleule urudi kuwa JSON: tarehe inatoka [2025,3,14]. Zima WRITE_DATES_AS_TIMESTAMPS, itatoka "2025-03-14".

Ukiwa ndani ya Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java, mengi ya haya umeshafanyiwa, ndiyo maana msimbo uleule unakubali kwenye mradi na kukataa kwenye jaribio ulilounda ObjectMapper kwa mkono. Jackson 3, iliyotoka 2025, imegeuza tabia hizo ziwe za kawaida. Lakini inataka Java 17, na vifurushi vyake vikuu vimehamia tools.jackson, kwa hiyo kuhama si kubadilisha namba ya toleo tu.

Gson ni nyepesi kuanza nayo: new Gson().fromJson(json, Muamala.class), basi, isipokuwa tarehe, nayo naifikia hapa chini. "Tawi" inairuka kimyakimya. Ukiandika, "maelezo" yenye null inapotea kabisa mpaka uiambie serializeNulls(). Kwa Gson 2.10 juu ya Java 17, LocalDate inataka TypeAdapter yako (adapta, yaani msimbo unaoeleza aina hiyo isomwe na kuandikwa vipi); bila hiyo inakataa, kwani Java hairuhusu tena kuchungulia sehemu za ndani za klasi zake.

Jambo la kuangalia kwa makini ni hili. Soma JSON ileile kwa Gson kama Map (jozi za jina na thamani zisizotajiwa aina) badala ya Muamala, kisha chapisha:

Map<String, Object> m = gson.fromJson(json, new TypeToken<Map<String, Object>>(){}.getType());

Kiasi kinatoka 1.2E7. Hiyo bado ni milioni kumi na mbili, ingawa haifai kumwonyesha mteja. Tazama risiti: 9.007199254740992E15. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 3, sasa ni 2! Gson imefanya kila namba kuwa Double, namba ya desimali ya biti 64, na Double haiwezi kushika kila namba nzima iliyozidi 2 kwa kipeo cha 53. Hakuna kosa lililotupwa, hakuna onyo kwenye logi. Risiti ya mtu imegeuka kuwa ya mwingine. Dawa ni setObjectToNumberStrategy(ToNumberPolicy.LONG_OR_DOUBLE), au bora zaidi, usipitishe fedha kwenye Map. Jackson hapa hutoa Integer na Long sawasawa, ila 1500.50 nayo huifanya Double hadi uwashe USE_BIG_DECIMAL_FOR_FLOATS.

Moshi, ya kampuni ya Square, nayo husoma namba za Map kama Double. Lakini kwa BigDecimal na LocalDate inakataa mapema, pale unapoomba adapta, kabla ya data yoyote kupita. Kwa programu ya Android iliyoandikwa kwa Kotlin ningeichukua bila kusita. Kwenye seva nachukua Jackson. Gson naiacha pale nilipoikuta inafanya kazi, baada ya kukagua kila Map.

Maktaba yoyote utakayochagua, liache jaribio hili kwenye mradi: andika Muamala, usome tena, ulinganishe. Kiasi kilinganishe kwa compareTo, kwani equals ya BigDecimal huona 1500.5 na 1500.50 ni vitu viwili. Tengeneza ObjectMapper moja, uisanidi mwanzoni, uitumie kote. Nyuzi (threads) nyingi zinaweza kuitumia kwa pamoja. Na ukikuta mtu amewasha enableDefaultTyping kwenye Jackson ya zamani, iondoe siku hiyohiyo: huruhusu JSON ya mgeni kuchagua klasi ya kuundwa ndani ya seva yako, na ndiko ulikotokea udhaifu wa kiusalama ulioorodheshwa kama CVE-2017-7525.