Saileji ya gugu maji kwa kondoo: ondoa maji kwanza

Gugu maji linalofunika ghuba za Ziwa Victoria huliwa na kondoo, mbuzi na ng'ombe. Kasoro yake kubwa ni maji. Kilo 100 za gugu bichi zina kilo 5 hadi 7 tu za chakula kikavu, yaani kinachobaki maji yote yakiondolewa. Kondoo wa kilo 30 anahitaji karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo akitegemea gugu bichi peke yake itabidi ale kilo 14 hadi 20. Tumbo litajaa maji kabla hajashiba, ataharisha, na atakonda huku hori limejaa. Ndiyo maana gugu hunyaushwa kwanza, kisha hufanywa saileji, yaani chakula cha mifugo kilichochachushwa bila hewa.

Vuna mbali na mifereji ya majitaka, viwanda na sehemu za kuoshea magari. Gugu hunyonya risasi, kadimiamu na metali nyingine nzito, na sehemu kubwa hubaki kwenye mizizi. Kata mizizi yote pamoja na kitako chake, uchukue majani na mashina tu, hasa ya mimea michanga isiyotoa maua. Vaa buti ndefu za mpira, maana konokono wa kichocho hujificha humo, na nyoka pia. Mizizi usiirudishe majini: kitako huchipua upya. Ianike hadi ikauke kabisa, halafu ifukie mbali na maji.

Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 5. Shina la gugu lina sponji ndani, na lisipopasuliwa halikauki hata likae juani kutwa nzima. Tandaza juu ya turubai kwa tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, siku 1 hadi 2 za jua. Kisha kamua konzi moja kwa nguvu. Maji yakichuruzika, anika tena. Kiganja kikibaki na unyevu tu, endelea. Kilo 100 za majani na mashina hupungua hadi kilo 25 hivi, kwa hiyo vuna kwa hesabu hiyo.

Kwa kila kilo 100 zilizonyauka, changanya kilo 5 za molasi iliyolainishwa kwa maji kidogo na kilo 10 za pumba za mahindi. Gugu lina sukari kidogo mno kuchachuka vizuri lenyewe; molasi hulisha bakteria wanaotengeneza asidi, pumba hunyonya majimaji. Shindilia kwenye pipa la plastiki tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15, ukikaza zaidi pembeni ambako hewa hujificha. Funga kabisa, weka mawe juu, uache siku 30.

Saileji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya uchachu kama maziwa ya mgando. Ikiwa nyeusi, inateleza na inanuka uozo, ilifungwa ikiwa na maji mengi. Ukungu maana yake hewa iliingia. Iliyooza au kuota ukungu itupwe. Usijaribu kuchambua sehemu nzuri kwa ajili ya kondoo wenye mimba, kwa sababu bakteria wa listeria humo huweza kuwafanya watupe mimba.

Anza na gramu 250 kwa kondoo kwa siku, upandishe kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi kilo 1. Sehemu kubwa ya kilo hiyo bado ni maji, kwa hiyo ni karibu theluthi tu ya chakula chake kikavu. Kinachobaki kiwe nyasi kavu au mabua. Usivuke hapo, kwani gugu lina potasiamu nyingi na oksaleti, kemikali inayouzuia mwili kupata kalsiamu. Weka chumvi ya madini ya kondoo, si ya ng'ombe: shaba iliyo kwenye madini mengi ya ng'ombe huweza kumuua kondoo.

Minyoo ya ini nayo hubebwa na mimea ya majini, na usitegemee uchachukaji kuimaliza. Muulize daktari wa mifugo dawa inayoilenga, kwani dawa nyingi za minyoo ya tumbo haziigusi.

Pipa likishafunguliwa, chota tabaka la juu lote kila siku bila kuchimba shimo katikati, kisha funika mara moja.