Jinsi ya Kuchagua Bastola Ndogo ya .22 ya Kutembea Nayo Porini

Swali ninaloulizwa mara nyingi kwenye uwanja wa shabaha hapa Boise, jimbo la Idaho, na hasa na Waswahili wenzangu kutoka Kongo ambao wameanza kuvua na kuwinda katika milima inayotuzunguka, ni bastola gani ndogo ya .22, yaani inayotumia risasi yenye upana wa takriban inchi 0.22, wanunue kwa ajili ya kutembea nayo porini. Wengi hutarajia nitaje jina moja ili waende dukani siku hiyo hiyo. Jibu langu ni kwamba uaminifu wa bastola ya aina hii haumo katika jina lililochongwa ubavuni mwake, bali katika maelewano kati ya bastola ile moja uliyoishika mkononi na aina moja ya risasi unayoilisha. Maelewano hayo hayajulikani dukani. Hujulikana uwanjani, kwa kupiga na kuhesabu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mimi mwenyewe na ndizo ninazowafundisha wengine.

Hatua ya kwanza: Ielewe risasi kabla ya bastola

Risasi za bastola kubwa huwa na fataki ndogo iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina fataki ya namna hiyo. Kiwandani, ganda tupu hutiwa tone la mchanganyiko unaolipuka kwa kugongwa, kisha mchanganyiko huo husambazwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Unapovuta kifyatulio, sindano ya bastola huubana ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba, yaani tundu ambamo risasi huketi, mchanganyiko hulipuka na baruti huwaka. Ni mtindo wa kale: Smith & Wesson waliutumia katika bastola yao ya kwanza mwaka 1857, na risasi tunayoitumia leo, yaani .22 Long Rifle, ilianza mwaka 1887.

Udhaifu wake uko papo hapo. Iwapo mchanganyiko haukuenea sawasawa, kutakuwa na sehemu ya ukingo iliyo tupu, na sindano ikiangukia hapo risasi itagoma. Chukua risasi iliyogoma uitazame kwa karibu: utaona alama ya sindano imechimba ukingoni kama ukucha uliobonyezwa kwenye nta. Kama alama ni ya kina na safi, bastola imetimiza wajibu wake. Ukiizungusha risasi hiyo nusu mzunguko na kuirudisha chembani, mara nyingi italipuka, kwa sababu sindano sasa imepata mahali penye mchanganyiko. Lakini alama ikiwa hafifu, kosa ni la bastola: huenda springi imechoka, sindano imelika au chemba imejaa uchafu.

Kuna jambo la pili. Kichwa cha risasi hii kina upana sawa na ganda lenyewe, na vichwa vya risasi ya kawaida hupakwa nta kwa nje. Nta hiyo hunasa mchanga, nyuzi za mfuko na vumbi la tumbaku. Anayebeba risasi zikiwa zimetawanyika mfukoni asishangae zinapokataa kuingia chembani.

Hatua ya pili: Amua kazi yake, na ukubali isichoweza

Tangu zamani Wamarekani wamekuwa na bastola nyepesi inayokaa katika kisanduku cha vifaa vya uvuvi au mfukoni mwa mkoba wa safari. Kazi zake ni chache na za kweli: kumpiga sungura au kwale wa msituni kwa ajili ya chungu cha jioni, pale kanuni za uwindaji za jimbo zinapoiruhusu, kummaliza haraka mnyama aliyekwisha kujeruhiwa, kumwondoa nyoka mwenye kayamba mkiani aliyeingia kambini kwenye watoto, na kujizoeza shabaha kwa gharama ndogo.

Si silaha ya kujikinga na dubu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakipanga kulala katika maeneo ya dubu wa kahawia wakiitegemea. Kule, beba dawa ya pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, iwe mkononi na si ndani ya mkoba. Hata kwa nyoka, kurudi nyuma hatua kadhaa hutosha karibu kila mara.

Hatua ya tatu: Jiridhishe na sheria

Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, duka lenye leseni haliwezi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na mnunuzi hujaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zake. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa kwa masharti maalumu, na kosa hapa linaweza kumharibia mtu makaratasi yake yote ya uhamiaji. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu hadhi yako, muulize wakili kabla hujagusa fomu hiyo.

Kubeba silaha iliyofichwa kuna sheria zake katika kila jimbo, na yapo majimbo yanayotofautisha raia na mkazi. Ofisi ya sherifu wa kaunti yako itakueleza. Katika hifadhi za taifa, tangu Februari 22, 2010, unaweza kuwa na silaha kwa kufuata sheria ya jimbo husika, lakini si ndani ya majengo ya serikali yaliyomo, na ruhusa ya kuwa nayo si ruhusa ya kuifyatua. Katika misitu ya taifa hairuhusiwi kufyatua ndani ya yadi 150, yaani kama mita 137, kutoka nyumba, jengo, kambi au eneo la mapumziko.

Hatua ya nne: Chagua kati ya silinda na magazini

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Bastola ya magazini, yaani ile inayolishwa risasi kutoka kisanduku chembamba kinachochomekwa kwenye mpini, hutegemea nguvu ya risasi kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Risasi ya .22 ina nguvu kidogo, kwa hiyo chochote kinachopunguza nguvu hiyo, iwe baruti chache, mafuta yaliyoganda kwa baridi au masizi, huikwamisha. Risasi ikigoma, lazima uivute sehemu ya juu kwa mkono wa pili ili kuitoa. Bastola ya silinda, yaani ile yenye pipa dogo linalozunguka lenye chemba kadhaa, haitegemei risasi kwa lolote: ikigoma, subiri kwanza kama nitakavyoeleza katika hatua ya sita, kisha vuta kifyatulio tena, na silinda italeta risasi nyingine. Pia inapokea risasi dhaifu zisizo na kelele nyingi, na zile zenye chembe ndogo za risasi kwa ajili ya nyoka, ambazo bastola nyingi za magazini hushindwa kuzisukuma.

Silinda nayo ina gharama zake. Kwa kuwa ukingo unahitaji kipigo kikali, kifyatulio cha bastola ndogo ya silinda huwa kizito, na watu wenye mikono dhaifu hutikisa mtutu wakikivuta. Isitoshe, masizi yakijikusanya chembani, risasi haziketi hadi mwisho, vitako vyake husugua fremu na silinda hukataa kuzunguka.

Kwa anayetembea sana na kupiga kidogo, mimi hushauri silinda. Ruger LCR ya .22 hubeba risasi 8 na uzito wake ni takriban gramu 420. Smith & Wesson 317 ni nyepesi zaidi na hubeba 8 pia, ilhali Model 63 yao ya chuma cha pua ni nzito kuliko hizo lakini hutulia vizuri zaidi mkononi. Mwenye bajeti ndogo aitazame Ruger Wrangler, iliyotoka mwaka 2019: risasi 6, nyundo (kipande cha nyuma kinachoigonga sindano) huvutwa kwa kidole gumba kila mara, hupakiwa polepole, na ina vitu vichache vya kuharibika.

Anayetaka kupiga kwale kwa umbali wa mita 20 na kumpata kichwani atapendelea magazini, kwa kuwa mtutu huwa mrefu zaidi na kifyatulio huwa chepesi. Ukoo wa Ruger ulioanza mwaka 1949 na kufikia Mark IV mwaka 2016 umejijengea heshima, na Mark IV hufunguka kwa kitufe kimoja, jambo ambalo waliowahi kuhangaika kuzikusanya zile za zamani watalithamini. Browning Buck Mark, ya tangu mwaka 1985, iko katika daraja hilo hilo. Angalia uzito tu: Mark IV yenye mtutu mnene wa chuma hupita kilo moja, na kilo moja kiunoni kwenye mteremko wa mwendo wa saa nne si jambo dogo.

Hatua ya tano: Ikague kwa macho, hasa ikiwa ya mtumba

Bastola yangu ya kwanza ya .22 niliinunua ya mtumba katika duka moja ambalo muuzaji aliniapia kuwa haikutumika sana. Ilikuwa iking'aa. Sikujua kutazama chemba, na mwenye kuitumia kabla yangu alikuwa ameifyatua tupu mara nyingi mno, hadi sindano ikachonga kidonda kwenye mdomo wa chemba. Maganda yalikuwa yakinasa pale pale, kila baada ya risasi tatu au nne.

Kwa hiyo, hakikisha kwanza kuwa haina risasi, kisha mulika mdomo wa chemba kwa tochi na upitishe ncha ya kijiti cha mswaki: kikikwaruza mahali sindano inapoangukia, achana nayo. Kwa silinda, fanya hivyo katika kila chemba, kisha uvute nyundo polepole na uone kama silinda inajifunga mahali pake bila kuchezacheza. Ruger Single-Six zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1973 hazikuwa na kizuizi kinachotenganisha nyundo na sindano, hivyo isiyofanyiwa marekebisho hubebwa ikiwa na risasi 5 tu, chemba iliyo chini ya nyundo ikiachwa tupu. Na mnamo Juni 2017 Ruger waliziita kiwandani Mark IV zilizotengenezwa kabla ya Juni 1 mwaka huo kwa ajili ya marekebisho ya usalama. Ikiwa unanunua ya wakati huo, watumie namba yake wakuambie kama ilirekebishwa.

Jambo moja zaidi kuhusu .22 Magnum, ambayo ni risasi tofauti na ndefu zaidi. Risasi ya Long Rifle huingia kwa ulegevu katika chemba ya Magnum, na ganda lake huweza kupasuka. Usijaribu.

Hatua ya sita: Ipigie risasi 300, ukiandika

Nunua aina tatu za risasi zenye mwendo wa kasi, kisanduku kimoja kimoja. CCI Mini-Mag, ambayo hutengenezwa Lewiston hapa hapa Idaho na imekuwapo tangu mwaka 1963, ni pa kuanzia pazuri kwa sababu kichwa chake kimepakwa shaba badala ya nta tupu. Piga 50 za kila aina. Ile iliyofanya vizuri kuliko zote, nunua 300 zaidi na uzipige bila kusafisha bastola katikati. Vaa kinga ya macho na ya masikio: bastola ya .22 ni ndogo kwa jina, lakini mlio wake hupita desibeli 140.

Kila kosa liandike kwenye daftari kwa namba ya risasi na aina ya kosa: iligoma, ganda lilinaswa mlangoni, au risasi mpya haikuingia. Andika namba kwenye magazini zako kwa rangi. Makosa yakifuata magazini moja, basi tatizo ni magazini hiyo, nawe umeokoa bastola nzuri. Unapopakia, hakikisha ukingo wa risasi ya juu umetangulia ule wa chini yake, kwa sababu zikipandana vibaya zitanasana.

Risasi ikigoma, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu polepole hadi 30 kabla ya kufungua, maana huenda ikachelewa kulipuka. Ukisikia mlio dhaifu kama kikohozi, simama. Toa risasi zote, chungulia mtutu kutoka nyuma, na usipige nyingine hadi uone mwanga upande wa pili.

Kipimo changu ni hiki: katika risasi 100 za mwisho, bastola ya kubeba porini isiwe na kosa hata moja lililosababishwa na bastola yenyewe. Risasi iliyogoma huku ikiwa na alama ya kina ukingoni naihesabu kwa kiwanda cha risasi, nazo zikizidi mbili nabadilisha aina na kuanza upya. Ndiyo, ni kazi ya siku mbili, na wengi hulalamika.

Hatua ya saba: Ibebe ipasavyo

Tafuta ala inayofunika kifyatulio chote na yenye kifungo cha juu, kwa sababu porini mtu huinama, huteleza na kuvuka mito. Risasi za akiba zikae katika kisanduku cha plastiki kinachofungwa, si mfukoni. Mafuta yawe membamba na machache, hasa wakati wa baridi.

Ukirudi nyumbani, toa risasi zote, ihifadhi bastola mahali penye kufuli mbali na watoto, kisha umwage mifuko yote ya koti na mkoba juu ya meza na kupapasa mishono. Risasi ya .22 ni ndogo kuliko kidole cha mtoto na hujificha kwenye pindo la kitambaa miezi mingi. Mkoba huo huo ndio mtu huja kuuchukua anaposafiri kwenda kuwasalimu wazazi, na Kenya na Tanzania kukutwa na risasi bila kibali ni kosa la jinai, hata ikiwa moja na hata ikiwa ulikuwa umeisahau.